Kwa Kawaida

Dundee, Desemba. Jua huchomoza saa tatu kasorobo,
na mimi niliyefunzwa kuhesabu saa tangu macheo
nimekaa dirishani gizani, saa moja isiyo na asubuhi,
nasahihisha ukurasa wa maktaba isiyo na rafu.

Ni maktaba ya tarehe. Watu huiita ndani ya programu zao
kama unavyomwita jirani aje akushikie ngazi:
humtazami usoni, unataka tu isiteleze.

Kitendakazi kinaitwa siku_baina.
Kinapokea hoja mbili, kinarudisha idadi.
Juu yake Morag Petrie aliandika, miaka tisa iliyopita,
kabla hajastaafu akaenda kufuga nyuki ng'ambo ya mto:
"Kwa kawaida, siku ya mwisho huhesabiwa."

Kwa kawaida.
Nimeyazunguka maneno haya tangu juzi
kama paka na bakuli la maziwa ya moto.

Maana katika toleo la tatu tulibadilisha.
Siku ya mwisho haihesabiwi tena.
Msimbo ulijua. Majaribio yalijua.
Sentensi peke yake haikuambiwa,
ikabaki mlangoni na sare yake ya zamani
ikiwaelekeza wageni kwenye chumba kilichobomolewa.

Ndipo ikaja barua ya Eilidh Rennie, mfamasia wa Arbroath.
Vidonge ishirini na saba badala ya ishirini na vinane,
chupa baada ya chupa, wiki tatu.
Hakuna aliyekufa. Mzee mmoja alikuja Jumapili,
akakuta duka limefungwa,
akakaa kwenye kidato cha mlango, kofia mkononi,
mpaka mtu akapita.
"Nilisoma mlichoandika," anasema Eilidh. "Nikakiamini."
Hakuweka alama ya mshangao. Laiti angeiweka.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano.
Nikaandika: Siku ya mwisho haihesabiwi.
Nikafuta. Tangu lini? Na aliyebaki na toleo la pili?
Na tarehe mbili zikiwa sawa?
Nikajaribu: sifuri. Nikaandika sifuri.
Na ya kwanza ikiwa mbele ya ya pili?
Nikajaribu: namba hasi. Miaka tisa,
hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa sauti.

Fergus, anayekagua kazi yangu, akataka mstari wa hasi utoke.
Nani atafanya hivyo?
Mtu atafanya, nikamwambia. Mtu hufanya.
Akanyamaza, akanirekebishia mkato, akapitisha.

Mama alinifunza saa kwa mfano, bila maelezo:
jua likishatoka, ikapita saa nzima, hiyo ni saa moja.
Mfano safi. Niliutumia miaka ishirini pasipo hitilafu.
Hakuongeza kwamba unafaa jirani na ikweta tu;
alikuwa anasonga ugali, na mimi sikuwa nimesafiri.
Wiki iliyopita nilimpigia simu saa mbili, kiza totoro.
Akauliza, mbona umechelewa kulala?

Jana nilimwandikia Morag, kwa adabu,
nikamwuliza alikuwa na maana gani na "kwa kawaida".
Ilikuwepo hali isiyo ya kawaida? Nilinde nini?
Jibu likaja pamoja na picha ya mzinga uliofunikwa gunia:
"Sikuwa na hakika, mpenzi wangu,
na nilikuwa nakimbilia basi."

Sasa Tay inaanza kuonekana, kijivu juu ya kijivu,
treni inapita darajani, taa zake bado zinawaka.
Nimeandika toleo, nimeandika tarehe ya leo
ili atakayenirithi ajue pa kuanzia kunishuku.
Nimeweka mfano wa vidonge: mwanzo, mwisho,
na siku moja ya kujiongezea mwenyewe, kwa mkono.

Kisha nikayafuta yale maneno mawili.
Mstari ukasogea kushoto
kama watu kwenye benchi
wanaompisha mtu akae.